Msimlete mtoto kwa kambo na nguo za Jumapili

Bwana Mhariri,

Nimesoma barua ya yule mama wa Kampemba, hapa mjini kwetu Lubumbashi, mliyoitoa wiki iliyopita. Jioni nikaisoma tena, na usiku usingizi ulinipaa. Anasema alimpeleka mwanawe wa miaka kumi na mmoja kwa bibi yake, ambaye sisi hapa tunamwita kambo, wakakaa saa tatu nzima, na mtoto hakuinua uso kwenye simu. Bibi naye alinyamaza. Wakati wa kuagana mtoto alitoa mkono kama anayemuaga mgeni. Sasa mama huyo anauliza: kosa ni la nani, la mtoto au la simu?

Mama, kwanza pole. Nakujibu kwa sababu jambo hilo lilitokea nyumbani kwangu, hapa Katuba, miaka miwili iliyopita, na mimi ndiye niliyekuwa yule bibi.

Mwanangu anafanya kazi Kolwezi, kilomita kama 300 kutoka hapa. Mwezi wa saba, shule zilipofungwa, aliniletea wajukuu wangu wawili, mvulana wa miaka kumi na mmoja na dada yake mdogo. Nilikuwa nimefagia uwanja tangu alfajiri. Nilinunua soda, biskuti, kuku na mchele. Watoto wakashuka garini na mashati meupe na viatu vinavyong'aa, mama yao akawaambia pale pale mlangoni: "Mukae vizuri, musimuchokeshe kambo." Wakakaa vizuri. Nikauliza masomo yanaendaje, wakasema kwa Kifaransa "Bien, mamie," vizuri, bibi. Nikauliza kama wamekula njiani, wakasema "Oui, mamie," ndiyo, bibi. Baada ya hapo sikuwa na swali la tatu. Nilimwita mvulana "bwana wangu", maana kwetu mjukuu wa kiume ni bwana wa kambo yake, na msichana ni mke mwenzake, na utani huo ndio mlango wa nyumba. Mtoto akamtazama baba yake kwa woga. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ana mke Katuba. Usiku ule nililia, na sikumwambia mtu.

Niliwaza siku nyingi, na nilipoacha kuwalaumu watoto nilikumbuka jambo ambalo nadhani wazee wengi wa mji huu hawajalisema waziwazi. Sisi wenyewe tulikua bila kambo.

Nilizaliwa mwaka 1954 kambini, mtoto wa mfanyakazi wa shaba. Mnajua historia yetu: mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba yenye kambi hizo, iliacha kuchukua vijana wa kufanya kazi miezi michache na kurudi kijijini, ikataka mfanyakazi akae na mke wake, azae watoto, na watoto wakue pale pale chini ya bomba la moshi. Ndivyo Lubumbashi ilivyojaa watu. Posho ya unga na samaki ilihesabiwa kwa mfanyakazi, mke wake na watoto. Kambo hakuwa na kipimo chake. Alibaki Kasai, alibaki Bukama, alibaki Luapula. Kambini kulikuwa na baba, mama, shule, kliniki, mpira na kanisa. Mzee mwenye mvi alikuwa mtu wa kuonekana mara moja moja, akishuka kwenye treni na kikapu cha karanga. Basi mnashangaa nini tukifika miaka sabini tusijue la kufanya na mjukuu? Tumwige nani?

Mimi nilibahatika. Kambo yangu mzaa baba alikaa Sakania, mpakani na Zambia, na reli inapita huko. Mwaka 1964 nilikuwa na miaka kumi, mji wetu ukiitwa bado Elisabethville, baba akanipandisha treni kwenda kumwona mama yake kwa mara ya kwanza. Kambo alisema Kilamba. Mimi nilijua Kiswahili cha kambi, na maneno ya sala kwa Kifaransa. Hatukuelewana hata neno la kuomba maji. Yaani nilikuwa kama wajukuu zangu walivyokuwa kwenye kiti changu, ila simu tu haikuwapo.

Kambo hakunikalisha kwenye kiti. Asubuhi ya pili alinipa nyundo ya mawe na fungu la mizizi, akanionyesha jiwe, akaondoka.

Ilikuwa mizizi ya munkoyo. Kwa wasomaji wa mbali nieleze: munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi, hapa Katanga na kwa ndugu zetu wa Zambia, kitamu, chenye uchachu kidogo, na mtoto mdogo anakunywa kikiwa bado kipya. Mizizi yenyewe inachimbwa porini, minene kama kidole, rangi ya udongo, na harufu yake ni ya ardhi baada ya mvua ya kwanza. Unaiponda mpaka inakuwa nyuzi, kama mkonge. Niliponda asubuhi nzima. Kambo alipita, akachukua nyuzi, akazivuta kwa vidole, akazirudisha: bado. Akapita tena: bado. Mara ya tatu alicheka, akanishika kichwa. Mkono ule juu ya kichwa changu naukumbuka mpaka leo, na ndio uliokuwa mazungumzo yetu ya kwanza. Nilimwona mara tatu tu maishani mwangu. Lakini mume wangu alipoachishwa kazi mwaka 2003, pamoja na maelfu ya wenzake, na nyumba ikakosa mshahara, kilicholipa shule ya watoto wangu ni munkoyo ya mwanamke wa Sakania niliyekuwa siwezi kuzungumza naye. Nauza mpaka leo, ndoo mbili kwa wiki, tatu wakati wa joto.

Basi mwaka jana, wajukuu walipokuja tena, nilimpigia mwanangu simu mapema. Nilimwomba mambo mawili: walale hapa wiki mbili, si alasiri moja, na walete nguo za kuchafuka. Mkwe wangu hakupenda, na namwelewa. Aliogopa watoto watanilemea. Nilimwambia mwanangu, kama ni kulemewa acha nilemewe.

Siku ya pili nikamwambia mvulana ukweli. Nilimwambia bega langu la kulia linauma, siwezi tena kuponda mizizi kama zamani, na wateja wanangoja Ijumaa. Sikuigiza, bega linauma kweli. Nadhani hapo ndipo penyewe. Mtoto anajua ukimpa kazi ya kumchezea na anajua ukimhitaji. Tulikwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, nikamwonyesha kuchagua: mzizi mbichi unapinda, wa zamani unavunjika. Akarudi akaponda juu ya jiwe lile lile ninalolitumia. Nikapita, nikavuta nyuzi: bado. Malengelenge mawili yalimtoka kiganjani, akayatazama, akaendelea.

Halafu nikapika uji juu ya mbabula, jiko letu la makaa, uji mzito, wa kusimamisha mwiko, ukachemka zaidi ya saa nzima. Nikauepua na kuuacha upoe. Hapo kambo yangu alikuwa na kipimo chake: unatumbukiza kidole, ukiweza kuhesabu mpaka tano bila kukitoa, wakati umefika. Tukahesabu pamoja. Tukatia nyuzi. Nikampa mwiko, nikamwambia akoroge polepole asiache.

Natamani yule mama wa Kampemba angeuona uso wa mtoto yule. Mwanzoni alikoroga kwa mikono miwili, mwiko haupiti. Baada ya muda mfupi mkono mmoja ukatosha. Kisha mwiko ukaanza kuogelea. Uji uliokuwa kama bukari changa, yaani ugali, ukawa unatiririka kama maziwa, na hakuna aliyetia hata kijiko cha maji. Akasimama, akachungulia chini ya sufuria kama limetoboka. "Kambo, umetia maji?" Hilo lilikuwa swali lake la kwanza kwangu tangu azaliwe. Na aliniita kambo. Simu yake ilikuwa dirishani, ililia mara mbili, hakugeuka.

Nikamjibu kama nilivyojibiwa: mizizi imeula uji. Hakuridhika. Akauliza kwa nini tulingoja upoe. Nikasema ukiwa wa moto hauliki, mizizi inakufa. Inakufaje? Sikujua. Nilimwambia sijui, kambo yangu hakuniambia, na nisingeielewa lugha yake hata angeniambia. Nilimwomba akienda shule anitafutie jibu.

Mwezi wa tisa nikapata ujumbe wa sauti kutoka Kolwezi, dakika nne. Alikuwa amemuuliza mwalimu wa biolojia. Akanieleza kwamba ndani ya mizizi ile mna kitu kinachoitwa enzimu, kinachokata wanga wa mahindi vipande vipande mpaka unakuwa sukari, ndiyo maana uji unakuwa mwepesi na mtamu. Moto mkali unaiharibu enzimu, ndiyo sababu ya kuhesabu mpaka tano. Na akasema enzimu ya namna hiyo imo hata katika mate yetu. "Kambo, chukua tonge la bukari bila mboga, tafuna, usimeze, utaona." Nilifanya. Nilikaa jikoni peke yangu, mwanamke wa miaka sabini, natafuna bukari tupu nikihesabu. Nilipopita mia, utamu ukaja. Nimekula bukari maisha yangu yote na sikuwahi kujua kwamba ina utamu huo ndani. Nilimrudishia ujumbe pale pale, na sauti yangu ilitetemeka, akaniuliza kama ninaumwa.

Tangu siku hiyo kila Jumapili jioni tunatumiana sauti. Mimi siandiki haraka, vidole vyangu haviwezi vile vitufe, ila kusema naweza. Anaanza hivi: "Mke wangu, leo umepika nini?" Utani umeingia wenyewe, hakuna aliyeulazimisha.

Nisiseme kwamba mambo yote yalikwenda vizuri. Wiki ya pili alitaka kunisaidia, akaiosha ndoo yangu ya kuchachushia kwa sabuni na javeli, ile dawa kali ya kuua vijidudu, mpaka ikanukia hospitali. Ndoo ile siioshi hivyo. Naisuuza kwa maji ya moto tu, maana uchachu wa munkoyo ya leo unatokana na ya juzi iliyobaki kwenye kuta zake. Ijumaa munkoyo ilikuwa tamu tu kama maji ya sukari, wateja wakaonja wakarudisha vikombe. Nilipoteza ndoo nzima, na fedha ile ilikuwa ya umeme. Mama yake alipiga simu akitaka kumwadhibu kutoka Kolwezi. Nilimkatalia. Nikamkalisha mtoto, nikamweleza, na yeye akanieleza kwa nini shuleni wamefundishwa kuosha vyombo, hasa mji huu ambao kipindupindu si hadithi. Wote wawili tulikuwa na haki. Sasa ndoo ya kuhifadhia maji inaoshwa kwa javeli kila wiki, na ya kuchachushia ina utaratibu wake. Nadhani ugomvi ule mdogo ulitusogeza karibu kuliko kuku na mchele wa mwaka wa kwanza.

Dada yake hapendi kuponda. Yeye nilimpa daftari la madeni. Mimi namtajia kwa Kiswahili, yeye anaandika kwa Kifaransa chake: mama wa nyumba ya kona, vikombe vitatu; fundi wa baiskeli, kimoja. Akiuliza fundi huyo ni nani, namwambia kwamba ni mtoto wa binamu ya babu yako, na babu yake alikuja hapa kwa mguu. Ukoo wote amejifunza humo, ndani ya madeni. Hapa niseme neno kwa wazazi. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka watoto wadogo waanze masomo kwa lugha zetu za taifa, na Kiswahili kimo, lakini katika nyumba nyingi za mji huu mtoto akisema Kiswahili mezani anakemewa. Kifaransa atakipata, shule ipo. Kambo yake atampata kwa lugha gani? Msiwafungie watoto mlango halafu mkashangaa hawaingii.

Wazee wanaume nao wasiseme mambo haya ni ya jikoni. Jirani yangu ana miaka sabini na minane na mjukuu asiyempenda mtu ila mpira. Mzee alikuwa anamkataza kutazama mechi kwenye simu. Siku moja mtoto akajisifia ile Mazembe ya 2010, timu yetu ya Lubumbashi, iliyowapiga Internacional ya Brazil mbili bila huko Abu Dhabi ikafika fainali ya klabu za dunia, na kipa wao Kidiaba akirukaruka kwa makalio uwanjani. Mzee akamwambia: mimi nilikuwepo timu hiyo ikiitwa Englebert, na kombe la Afrika la 1967 tulilipata bila mechi ya mwisho kuchezwa. Mtoto akabisha vikali. Kombe bila mechi? Mzee akamweleza: na Asante Kotoko wa Ghana tulitoka moja moja, kisha mbili mbili, ikapangwa mechi ya marudio, Kotoko hawakutokea. Mtoto akaingia kwenye simu kumtafutia babu yake uongo. Alikuta ni vile vile, na kwamba mwaka uliofuata walilitwaa tena. Sasa simu ile ile iliyokuwa ikiwagombanisha wanainamia wote wawili kwenye benchi, mzee akitaja jina la mchezaji na mtoto akitafuta picha. Jioni nyingine nawasikia wakipigiana kelele mpaka saa tatu.

Nawakumbuka pia kina mama wa umri wangu ambao hawana wajukuu wa kuwatembelea, wana wajukuu wa kuwalea, kwa sababu wazazi wamekufa au wako migodini miezi na miezi. Wao hawana haja ya kufundishwa namna ya kuwa karibu na watoto. Wanahitaji mtu wa kuwapokea watoto siku mbili wapumzike, na sisi wenye nafasi tunaweza kuwapokea. Mimi nimeanza na wawili wa nyumba ya nyuma, kila Jumamosi.

Kwa yule mama wa Kampemba: usimnyang'anye mtoto simu mlangoni, atamchukia bibi yake kwa hilo. Muulize mama yako ni kazi gani ya mikono yake imeanza kumshinda. Inawezekana ni kushona, ni bustani ya matembele nyuma ya nyumba, ni kupanga picha za zamani zilizojaa kwenye sanduku. Kisha mpeleke mtoto akalale kule, na kaptula iliyochanika. Wewe mwenyewe ondoka. Nakuomba sana, ondoka, maana ukibaki mtoto atakutazama wewe kabla ya kumjibu bibi.

Na kama mama yako hajapata kazi ya kumpa, mlete kwangu wakati wa likizo. Bwana wangu anafika na basi la Kolwezi wiki ya kwanza ya mwezi wa saba. Amenipa amri kwa sauti, Jumapili iliyopita: nisipike uji kabla hajafika. Amenunua kipimajoto kwa fedha zake mwenyewe, anataka kujua kidole cha Sakania kilikuwa kinapima digrii ngapi. Nimemwambia akilete. Mimi nitaweka kidole na kuhesabu mpaka tano, yeye atasoma namba, na dada yake ataandika kwenye daftari.

Ni mimi,
Kambo wa Katuba,
Lubumbashi